Hamu Ina Dakika Ngapi?

2 Machi

Dada,

Leo ni siku ya pili na bado niko hai, ingawa mteja mmoja asubuhi ameniuliza kama nimefiwa.

Wazo lako la kutopigiana simu mpaka siku arobaini za kuacha sigara ziishe nililiona la ajabu. Sasa nimelielewa. Jana simu ya dukani ililia, nikaipokea kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Haukuniomba ruhusa. Ulikuta mfuko mtupu ukabaki humo humo, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Miaka yote hii tumeongea mimi na wewe, mkono mmoja una simu, wa pili una sigara. Kwa barua, angalau, mmoja unaandika na mwingine unashikilia karatasi.

Sasa sikiliza. Nikiletewa saa inayosumbua siifungui siku hiyo. Naiweka mezani naitazama: inasimama lini, inasimama kwa muda gani, inaanza tena kwa sababu gani. Nimeamua hamu ya sigara niifanyie vivyo hivyo. Hapa mezani kuna saa ya kupimia mbio, ya mwalimu wa riadha wa shule ya jirani. Aliileta kitufe kinakwama. Kitufe nimeshakitengeneza, mwenyewe hajaja kuichukua. Hamu ikija nabonyeza, nafumba macho, ikiondoka nabonyeza tena. Jana nimepima mara kumi na moja. Fupi kuliko zote ilikuwa dakika nne na nusu, ndefu kuliko zote dakika tano na sekunde kumi.

Dada, ulijua kwamba ni kitu cha dakika tano tu? Miaka thelathini na mitano nimemtumikia bwana asiyeweza hata kumaliza kikao cha dakika sita.

Pima na wewe. Tumia ile saa ya ukutani niliyokufungia mwenyewe, hiyo haidanganyi. Niandikie unachokiona.

Na usiniulize tena kwa nini nami naacha. Ulisema peke yako huwezi, nikasema twende wote. Basi.

Mdogo wako,
Kiberiti

*

6 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na alama ya mafuta ya saa kwenye kona, nikajua ni wewe kabla sijaifungua.

Acha nikueleze vizuri alichosema binti yangu, maana siku ile kwenye simu nililia na hukuambulia kitu. Alikuja na mtoto. Unajua alizaliwa kabla ya siku zake, na kifua chake bado kinapiga filimbi akilala. Nikanyoosha mikono nimpokee. Binti yangu akarudi nyuma hatua moja. Moja tu, wala hakuwa na hasira. Akasema, “Mama, daktari amekataza moshi, hata ule unaokaa kwenye nguo. Mimi narudi kazini katikati ya Aprili. Ukimaliza siku arobaini bila kuvuta, nitakuletea kila asubuhi umlee wewe. Ukishindwa sitakulaumu, nitampeleka kwa mama mkwe.”

Nimeshona sare za nusu ya watoto wa mji huu, na mjukuu wangu mwenyewe sijamshika.

Haya, nimepima. Dakika tano, tano na nusu, mara nyingine tano kasoro. Lakini kilichonishangaza ni kwamba haiji nikiwa nashona. Inakuja nikikata uzi. Namaliza kola, nakata uzi, na hiyo hapo imeshasimama mlangoni. Kola kumi na mbili, mara kumi na mbili. Kwa hiyo kila inapokuja napiga mstari wa chaki pembeni mwa meza ya kukatia. Jana ilikuwa mistari kumi na minne.

Unanijua sikai bure, kwa hiyo hizo dakika tano napiga pasi. Kuna kipande kimoja cha kitambaa nimekipiga pasi tangu Jumatatu, sasa kinang’aa kama bati.

Kwako nako inakuja ukimaliza kazi?

Dada yako,
Pindo

*

11 Machi

Dada,

Hapana, na hilo limenikosesha raha siku nzima. Kwangu inakuja nikiwa sijamaliza. Natia tone la mafuta, nasubiri likae, na katika kule kusubiri ndipo inapobisha hodi. Wewe inakutaka ukiwa umeridhika, mimi inanitaka nikiwa na wasiwasi. Tumenyonya ziwa moja, tukaiba sigara za baba kwenye pakiti moja, wewe ukiiba sigara na mimi kiberiti, jina likanikaa mpaka leo. Imekuwaje hamu zetu hazifanani? Ningepata kidude cha kuifungulia ningeifungua nione magurudumu yake.

Ila habari njema ninayo. Inapungua. Juma hili nyingi ni dakika nne, jana moja ilikuwa tatu na sekunde hamsini. Siku kumi na moja tu, Dada, na tayari imeanza kuchoka. Nimezichora kwenye karatasi ya miraba, na mstari unateremka vizuri kabisa.

Mistari ya chaki mimi sina haja nayo. Inakuja mara ngapi si hoja. Hoja ni inakaa muda gani, maana huo ndio muda wa kuvumilia. Wewe umefika ngapi?

Kiberiti

*

15 Machi

Mdogo wangu,

Yangu nayo inashuka. Tatu na nusu hivi.

Nilitaka kukuuliza jambo. Ile saa yako unaibonyeza hamu inapoanza kabisa, au ukishatulia kidogo? Na unajuaje kwamba imekwisha? Mimi kuna nyakati nadhani imeondoka, kumbe imejificha nyuma ya pazia. Nauliza tu.

Chaki bado napiga, kwa mazoea. Jana tisa. Huenda nimesahau kupiga mingine, kazi imekuwa nyingi, shule inataka sketi mia mbili.

Jana nimefungua kopo kubwa la vifungo, lile la bati lililokuwa la mama. Chini kabisa, katikati ya vifungo vyeupe, nimekuta sigara moja. Sijui niliificha mwaka gani, wala nilikuwa namficha nani. Nimeitazama kwa muda. Imekauka, karatasi imegeuka rangi ya chai. Nikarudishia kifuniko.

Binti yangu amenipigia, ila mimi nimesikiliza tu na kusema ndiyo, mikono yote miwili kwenye simu. Anasema mtoto ameanza kucheka.

Pindo

*

19 Machi

Dada,

Itupe hiyo sigara. Unaipaje makazi?

Ukitaka kujua napima vipi: mara ile ile mkono unapotaka kwenda mfukoni, nabonyeza. Mate yakirudi mdomoni na mabega yakishuka, nabonyeza. Hakuna ujanja. Na leo, shika kiti, leo imekuwa dakika mbili na sekunde arobaini. Nimekaa nikajicheka. Kumbe hii ndiyo iliyotutisha miaka yote? Mtu akishindwa na dakika mbili na nusu hajashindwa na sigara, ameshindwa na uvivu wake mwenyewe.

Jambo jingine la ajabu ni pua yangu. Imefufuka. Leo mteja ameingia, nikajua amekula kitunguu, amepanda gari lenye mafuta ya dizeli na ametumia sabuni ya kijani, vyote kabla hajasema shikamoo. Sikujua kama duka langu linanuka hivi. Linanuka shaba na mzee mmoja, na huyo mzee nadhani ni mimi.

Nusa vitu, Dada. Niambie mtoto anavyonukia ukimpata.

Kiberiti

*

24 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi ni mzima kabisa, kazi inakwenda vizuri, sketi zimebaki sitini. Hali ya hewa ni nzuri. Kuhusu lile jambo letu sina jipya, linaendelea vizuri tu, usiwe na shaka.

Nakutakia afya njema wewe na duka lako.

Dada yako akupendaye,
Pindo

*

28 Machi

Dada,

Tangu lini ukaniita mpendwa? Na hali ya hewa imeanza kukuhusu lini?

Nimeisoma barua yako mara mbili kisha nikafanya kitu ambacho mwezi uliopita nisingeweza. Nimeinusa. Nilidhani ni mikono yangu, nikanawa, nikainusa tena. Nikaenda nayo uani kwenye hewa. Dada, karatasi hii imekaa kwenye moshi. Si moshi wa jirani wala wa jikoni. Huo ninaujua.

Sina la kukulaumu. Nataka kujua tu. Ilikuwaje?

Kiberiti

*

30 Machi

Dada,

Usijibu ile barua ya juzi kabla hujasoma hii.

Mwalimu wa riadha amekuja leo kuchukua saa yake. Ameketi kwenye kiti cha wateja, kofia mapajani, akanieleza mkasa wake. Muhula mzima uliopita watoto wake walikuwa wanavunja rekodi. Kila juma rekodi mpya, mwalimu mkuu akawasifu mbele ya wazazi, wakanunuliwa hata fulana. Juma hili amewapeleka kwenye mashindano ya shule zote. Wamekuwa wa mwisho. Mbio ndefu, mbio fupi, za kupokezana, kote wa mwisho. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Fundi, hii saa iko sawa?”

Nikamwambia iko sawa kabisa, naitumia kila siku. Nikaiweka kando ya saa yangu kubwa, nikabonyeza, na kwa mara ya kwanza, Dada, sikufumba macho. Niliitazama.

Kuna gurudumu lenye uchafu kwenye jino moja. Mshale ukifika hapo unasita, unapumzika, ndipo unaendelea. Mafuta yake ni ya zamani, yanazidi kuganda, kwa hiyo kila siku inapumzika zaidi kuliko jana. Mwanzoni mwa mwezi ilikuwa inaiba sekunde chache tu. Leo, dakika tano kamili za saa yangu kubwa, yenyewe imesoma moja na sekunde hamsini.

Mimi, fundi saa wa miaka ishirini na minane, nimejipimia kwa saa ya mgonjwa. Nilitengeneza kitufe alichoniambia mwenyewe, jambo jingine sikuliangalia, maana nilikuwa naihitaji. Mwanagenzi akifanya hivyo ningemfukuza.

Hamu yangu haijapungua hata kidogo. Ilikuwa dakika tano siku ya kwanza na leo ni dakika tano. Ile chati yangu ya miraba ilikuwa inachora saa ikifa.

Sasa najiuliza, na nakuomba unijibu kweli. Wewe unayo saa iliyo sawa. Ile tatu na nusu uliyoniandikia uliitoa wapi? Na mistari yako ya chaki bado ipo?

Kiberiti

*

4 Aprili

Mdogo wangu,

Niliitoa kichwani. Saa yako ya ukutani haijawahi kunisomea chini ya dakika tano. Wewe uliposema nne, nikasema labda kesho. Uliposema tatu, nikaona aibu. Nikajiambia huyu mdogo, mvivu wa kuoga utotoni, ameweza, na mimi nimeumbwa na kasoro gani? Nikakuandikia uongo ili nisibaki nyuma.

Tarehe ishirini na mbili barua yako ya uvivu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Nilikata uzi, ikaja. Nikatazama saa. Dakika ya tatu nikasema, kwake imeshakwisha. Ya nne. Ya tano. Ilipoingia ya sita nikasema, basi, mimi si wa kupona, na nikafungua kopo la vifungo. Ilikuwa kavu, ikanikwangua koo, na nilivuta mpaka kichungi. Kesho yake nikanunua pakiti. Ile barua ya hali ya hewa nimekuandikia kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na kazi yake ya zamani. Ndicho ulichonusa.

Barua yako ya kwanza, ile ya kunusa, ilinikasirisha siku mbili, lakini siku ile ile ilipofika, tarehe thelathini na moja, pakiti niliitia maji. Ya pili ilipokuja nimecheka, mashine imesimama yenyewe maana mguu umeacha kukanyaga, halafu nikalia. Nilikuwa nazuia dakika tano, mara kumi kwa siku, siku ishirini na moja, nikidhani nashindwa.

Jana nimekwenda kwa binti yangu kwa miguu. Nimemwambia yote mlangoni, sikuingia. Akasema, “Asante kwa kuniambia kabla sijanusa mwenyewe.” Ametaka tuanze moja, na moja ni tarehe mosi Aprili. Atakaporudi kazini, mtoto atakwenda kwa mama mkwe wake. Ni mama mwema, sina neno naye. Ila mtoto akishazoea mikono ya mtu, ataniitaje mimi? Hilo ndilo linaloniuma, nakwambia wazi.

Uliuliza mistari. Ipo. Sikuifuta, nilihamia tu upande wa pili wa meza. Leo kwa mara ya kwanza nimeipitia yote pamoja, kila baada ya siku mbili tatu: kumi na minne, kumi na mitatu, kumi na mmoja, tisa, saba, saba, sita. Siku niliyoshindwa ilikuwa mistari mitano. Hamu ni ndefu vile vile, mdogo wangu, lakini inakuja mara chache. Na hakuna aliyeitazama, hata mimi, maana wewe ulisema si hoja.

Na mimi ndiye niliyekuwashia ile ya kwanza, nyuma ya tangi la maji. Nisamehe kwa hiyo.

Pindo

*

9 Aprili

Dada,

Ile ya tangi la maji nilikuomba mwenyewe, tena nilikutishia kumwambia baba. Kiberiti kilikuwa changu. Lakini neno la uvivu ni langu peke yangu na linanichoma. Nilikuwa najisifia kwa saa mbovu, na wewe ukabeba. Nisamehe.

Leo ni siku yangu ya arobaini. Simu iko mbele yangu tangu asubuhi. Nimeifuta vumbi, nimeigeuza, nimesikiliza kama inafanya kazi. Sikupigii. Tulisema siku arobaini za wote wawili, basi nitasubiri zako.

Nimenunua chaki. Nimepiga mistari kwenye ukingo wa meza, wateja wanadhani ni vipimo vya kifundi. Juzi saba, jana sita, leo mpaka sasa minne. Kila mmoja una dakika tano zake, nimezitazama macho wazi. Ukizitazama zina umbo: inapanda dakika mbili, inakaa juu moja, inateremka. Kwako nako iko hivyo? Au nayo inafuata uzi?

Saa ya mwalimu nimeisafisha jino kwa jino. Ameirudisha uwanjani, na leo kapita dukani kunilalamikia kwamba watoto wake wamekuwa wazito ghafla.

Mtoto hatakuuliza ulichelewa siku ngapi.

Kiberiti

*

12 Mei

Mdogo wangu,

Nimefikisha. Jana usiulize mistari ilikuwa mingapi, ilikuwa miwili. Na umbo lake ni kama ulivyosema, ila kwangu inakaa juu zaidi kidogo. Mimi ni mkubwa wako.

Leo asubuhi binti yangu amekuja. Unakumbuka alipokuwa na miaka kumi na mitano nilivyokuwa nikimsimamisha mlangoni kila akitoka shule, namnusa nywele kama amevuta, na sigara yangu ikiwaka vidoleni? Hakusahau. Amenisimamisha mlango ule ule. Amenusa nywele, amenusa kola, amenigeuza viganja akanusa kidole kwa kidole. Nimetulia kama mtoto wa shule. Akaingia, akanusa pazia. Akafungua kopo la vifungo, akatia pua ndani. Halafu akaanza kucheka, na macho yake yakajaa maji, akaniwekea mtoto mikononi.

Ni mzito. Nilijiandaa kwa vyote ila si kwa uzito wake. Kifua hakipigi filimbi tena, nimeweka sikio. Uliuliza anavyonukia. Ananukia kama kitambaa kipya kabla hakijakatwa, na maziwa kidogo. Alinikazia macho, akawaza, akakubali.

Mama yake alipofunga mlango kwenda kazini, hamu ikaja. Nilijua tu. Nimesimama naye dirishani nikitazama saa yako, ikapanda, ikakaa, ikateremka. Dakika tano na sekunde ishirini. Mstari sikuupiga, chaki ilikuwa mbali na sikutaka kumwamsha.

Mwandiko ni mbaya, utanisamehe, karatasi inakimbia na sina wa kuishika. Nipigie simu leo, mdogo wangu, saa yoyote. Mkono mmoja utapokea. Wa pili umelaliwa na mjukuu wako.

Pindo